Boti ya Akiba Sebuleni

Asubuhi hiyo mtunza stoo alikuwa jikoni akimpakia mama yake mkate siagi, vipande viwili, ukoko umekatwa kwa sababu mama hakuwa tena na meno ya kushindana na ukoko. Sebuleni ukasikika mlio kama wa tairi linalojazwa upepo. Hakuacha kazi yake. Alimaliza kipande cha pili, akafunika siagi, akafuta kisu, ndipo akaenda kutazama.

Boti ya akiba ilikuwa inajijaza. Ilikuwa imetoka yenyewe nyuma ya kochi, mahali ilipokuwa imekunjwa na kufunikwa shuka, na sasa ilikuwa inajinyoosha polepole kama mtu aliyeamka baada ya kulalia mkono. Ilisukuma kochi hadi ukutani. Ilibinua meza ndogo na vitambaa vyake. Paa lake la turubai, la rangi ya chungwa, lilijiinua hadi kwenye dari, likaisogeza taa pembeni, likatulia. Mlio ukakoma.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, ameinua miguu ili boti ipite chini.

"Hiyo itakaa hapo mpaka lini?" aliuliza.

Mtunza stoo alisema hajui.

"Basi nisogezee kiti. Siioni televisheni."

Alimsogezea kiti karibu na dirisha, akampa mkate. Kisha akatafuta kizibo cha boti, akakifungua. Upepo ulitoka ukinuka chumvi na mafuta ya injini. Ulitoka asubuhi nzima, ukapepea mapazia, ukaangusha kalenda ukutani, na boti haikupungua hata kidogo. Mchana alikirudisha kizibo mahali pake kwa sababu mama alianza kulalamika baridi.

Gatini kila mtu alimwita Dada Stoo. Kazi yake ilikuwa kutunza vitu ambavyo hakuna mtu anayetaka kuvitumia: majaketi ya kuokolea, filimbi, fataki za kuombea msaada, vioo vya kumulikia ndege, maji ya kunywa yaliyofungwa kwenye vifuko, injini ndogo ya akiba na betri ya akiba ya redio. Tajiri, mwenye kampuni, alikuwa na boti moja kubwa iliyowapeleka wageni mbali baharini, kule nchi kavu isikoonekana, wakatazame nyangumi. Nahodha wa boti hiyo alikuwa mdogo wake Dada Stoo, wa tumbo moja. Fundi wa injini alikuwa mtu mmoja mnene, mpole, ambaye wote walimwita Grisi.

Kati ya vitu vyote vya stoo, boti ya akiba ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko vyote. Ilikuwa ya mpira, na ilikaa imekunjwa ndani ya kasha jeupe la plastiki lililofungwa juu ya boti kubwa, nyuma ya usukani. Chombo kikizama, nahodha hulitupa kasha majini na kuvuta kamba. Kasha hupasuka, boti ya mpira hujijaza, watu wakapanda. Mkaguzi wa bandari kila mara alitaka kuliona kasha. Hakuwahi kutaka kuona kilichomo.

Msimu wa nyangumi ulipofika, boti hiyo ilikuwa imeshapitwa na wakati wa kufunguliwa na kupimwa. Dada Stoo aliitoa kwenye kasha ili ipelekwe kwa wapimaji katika mji mwingine. Kabla haijapelekwa, Tajiri alikuja stoo, akasimama mlangoni na funguo za gari zikizunguka kidoleni, akasema wageni wamekwisha kufika na safari haiwezi kungoja. Kasha lirudishwe mahali pake, lifungwe vizuri. Boti itapelekwa wiki ijayo.

"Kinachoonekana ni kasha," alisema. "Nani amewahi kulifungua?"

Dada Stoo alijaribu kusema jambo, lakini hakulimalizia. Tajiri alikuwa mtu wa kucheka unapoongea, na ukichekewa katikati ya neno, neno hujiona jinga likarudi lilikotoka. Alilirudisha kasha. Kwa kuwa kasha tupu lingekuwa jepesi na mdogo wake angelitambua kwa kulishika tu, alilijaza kamba kuukuu na mfuko wa mchanga. Boti yenyewe aliipeleka nyumbani kwa mkokoteni, maana panya wa stoo walikuwa wanapenda mpira, akaificha nyuma ya kochi.

Siku ya safari mdogo wake alipita stoo kuchukua majaketi. Alimuuliza dada yake kama mambo yote sawa. Akajibiwa sawa. Hakukagua. Tangu utotoni alikuwa anavaa viatu vilivyofungwa kamba na dada yake, akaondoka mbio bila kutazama miguu.

Walikuwa na mpango wao wa siku zote. Kabla ya kila safari nahodha alimweleza dada yake atapitia wapi na atageuza wapi, na kama hadi alasiri hajasikika kwenye redio, dada awapigie simu waokoaji wa bandari, asimsubiri wala asimwonee haya mtu. Siku hiyo alasiri redio ilikaa kimya. Dada Stoo alishika simu, na namba ya kwanza aliyoipiga ikawa ya Tajiri. Tajiri alisema atulie, bila shaka ni betri, na kwamba akiwaita wale watu watakuja na maswali kabla ya kuja na boti. Dada Stoo alitulia. Alikaa juu ya rundo la kamba akilitazama jua likiondoka kwenye dirisha la stoo, na lilipokwisha kuondoka kabisa ndipo akawapigia.

Waokoaji walitafuta hadi wakachoka. Walipata jaketi moja la kuokolea likielea, vifungo vyote vimefungwa, ndani hamna mtu. Kamati iliundwa, ikakaa, ikasema ni hali ya hewa. Majina ya waliopotea yakaandikwa kwenye ubao wa chumba cha waokoaji chini ya neno "Wanatafutwa", na kwa kuwa ubao haukuwa na mtu wa kuufuta, yakabaki hapo.

Msiba ulikuwa nyumbani kwa mama. Dada Stoo alipika, akaosha vyombo, akapokea pole za watu. Alizipokea kwa kichwa kilichoinama, na wote wakasema masikini, huyu ameumia kuliko wote.

Hiyo ndiyo boti iliyokuwa imejijaza sebuleni.

Kesho yake, watoto wakiwa wamekwenda shule na mtaa umetulia, mtu alibisha hodi. Mama alimkaribisha bila kugeuka. Nahodha aliingia amelowa kuanzia nywele hadi viatu, akafuta miguu kwenye kitambaa cha mlangoni, jambo ambalo halikusaidia kitu, akamsalimia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekawia."

"Tulikuwa tunatafuta."

Dada yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, taulo ya vyombo mkononi. Mdogo wake alimtazama, akaitazama boti, akaibonyeza kwa kidole gumba kama anavyobonyeza mtu embe sokoni.

"Kumbe iko huku," alisema.

 Alipanda, akaketi, akaanza kupekua mfuko wa vifaa ulioshonewa ndani kuona kama vimetimia. Vilikuwa vimetimia. Dada Stoo alikuwa amevipanga mwenyewe.

Kabla ya mchana walikuwa wamefika na wengine. Alikuja Grisi, akiomba radhi kwa mama kwa ajili ya maji. Alikuja mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyobaki na kioo kimoja, ambaye wanafunzi wake wa zamani walichanga wakamlipia safari ya nyangumi kama zawadi ya kumuaga kazini. Wa mwisho alikuwa mpiga picha, kijana mwenye kamera shingoni, ambayo kila alipoiinamisha ilimwaga maji. Wote walipanda, wakajibanza, wakanyoosha miguu katikati kama watu wanaoota moto.

Waliopanda hawakuweza tena kushuka. Mpiga picha alijaribu, kwa haja ambayo hakutaka kuitaja mbele ya mwalimu. Aliteremsha mguu kwenye zulia, ukazama hadi pajani, na kama Grisi asingemkamata ukosi angezama mzima. Baada ya hapo nahodha alirudia sharti ambalo waliosafiri naye waliambiwa kabla ya kung'oa nanga: mtu hatoki kwenye boti ya akiba mpaka msaada umfikie. Mama na binti yake waliendelea kutembea kwenye zulia lile lile wakipeleka chai na kuondoa vikombe, na chini ya nyayo zao lilikuwa limelowa tu.

Mwalimu ndiye aliyeeleza. Alimweleza mama, kwa sababu mama ndiye aliyeuliza, na alieleza kwa utaratibu wa mtu aliyesimama mbele ya darasa maisha yake yote. Injini iliwaka moto. Waliizima, lakini maji yalikuwa yamekwisha kupata njia ya kuingilia. Nahodha alilitupa kasha, akavuta kamba, kasha likapasuka, ukatoka mchanga.

"Tulitazamana," mwalimu alisema. "Nahodha akatuambia tusiogope, kuna makosa yametokea lakini boti ipo, lazima ipo mahali, maana dada yake ndiye mtunza stoo. Basi tukawa tunaitafuta. Tumeitafuta mpaka leo."

Mama alisema bahari ni kubwa. Mwalimu alikubali.

Dada Stoo alikuwa jikoni na alisikia kila neno. Alifungua bomba la maji ili asisikie, lakini sauti ya maji ikamzidishia, akalifunga.

Habari zilienea mtaani siku hiyo hiyo. Majirani walikuja kusalimia. Walikaa kwenye kochi lililobanwa ukutani, magoti yakigusa mpira, wakauliza hali, wakaambiwa nzuri, ila yenye unyevu. Jirani wa upande wa pili wa ukuta alikuja na malalamiko juu ya filimbi, maana nahodha alikuwa anapiga filimbi mara kwa mara kama inavyotakiwa kwa watu wanaongoja kuokolewa, na yeye ana mtoto mchanga. Walielewana: filimbi isipigwe mtoto akilala. Mpiga picha alitumia kioo cha kumulikia kuingiza jua kwenye kona ambayo mama alikuwa anashonea, na mama akasema katika vijana wa siku hizi huyu ana adabu. Grisi alirekebisha pasi. Televisheni haikuonekana tena, ila mwalimu aliyekuwa upande wake alikuwa anawasimulia wengine kinachoendelea, pamoja na makosa ya sarufi ya mtangazaji.

Wifi, mke wa nahodha, alikuja na watoto. Aliketi pembeni ya boti, mkono wake ndani ya mkono wa mumewe, muda mrefu, bila kulia. Alikuwa amekwisha kulia. Watoto walimwonyesha baba yao madaftari, naye akayashika kwa ncha za vidole yasilowe, akampa mwalimu, na mwalimu akayasahihisha. Wifi alikuwa ameleta nguo kavu. Nahodha alizivaa. Zikalowa kabla hajafunga vifungo. Kesho yake wifi alileta nyingine, na kesho yake tena, na kamba ya nguo uani ikawa haipumziki.

Watu wote hawa waliingia na kutoka, na hakuna aliyeuliza boti hii ilifikaje sebuleni. Dada Stoo alilingojea swali hilo. Alilala nalo, akaamka nalo, akalitazama machoni mwa kila aliyebisha hodi. Alikuwa amejiandaa kujibu, na watu wakawa wanamuuliza sukari iko wapi. Mdogo wake ndiye aliyemtesa zaidi. Aliongea naye vizuri. Alimwita dada. Alimshukuru kwa kila kikombe. Mtu akikutukana unapata pa kushika. Huyu alikuwa kama ukuta uliopakwa sabuni.

Swali alikuja kuliuliza wifi. Walikuwa jikoni wawili, mmoja anaosha, mmoja anafuta.

"Wifi," alisema, "siku ile boti hii ilikuwa hapa?"

"Ilikuwa hapa."

"Wapi?"

"Nyuma ya kochi."

Wifi aliendelea kufuta sahani ambayo ilikuwa imekwisha kukauka.

"Siku zote za msiba nilikaa kwenye kochi lile," alisema. "Niliiegemea."

Aliiweka sahani juu ya nyingine, akatundika taulo, akaenda kukaa na mumewe. Tangu hapo hakuacha kuja, wala hakukosa adabu. Ila akiwa na neno kwa Dada Stoo alimwambia mama, na mama akalirusha jikoni: wifi yako anasema chumvi imezidi, wifi yako anauliza kama umeanua nguo.

Dada Stoo alikwenda ofisi ya bandari. Alikwenda kwa miguu, amevaa nguo aliyoivaa kwenye msiba, akamkuta mkaguzi akila embe juu ya gazeti. Alimweleza yote: kasha, mchanga, kamba, kochi, simu aliyompigia Tajiri badala ya waokoaji. Hakujitetea. Mkaguzi alisikiliza, akafuta mikono, akasema jambo hili ni zito na haliwezi kuamuliwa kwa maneno matupu. Lazima akaione boti.

Alikuja mchana, pamoja na karani wake, na Tajiri, aliyeitwa kama mwenye mali. Sebule ilijaa. Tajiri alimwamkia mama kwa heshima zote, akamuuliza hali ya miguu, akampongeza nahodha kwa kuonekana mzima, akaketi kwenye kochi na kupewa juisi. Hakumtazama mtunza stoo. Wifi alisimama mlangoni, mtoto mdogo kiunoni.

Mkaguzi alivua viatu. Aliizunguka boti pale ilipozungukika. Aliubonyeza mpira, akajaribu mishono, akachungulia mfuko wa vifaa, akahesabu fataki kwa kuzigusa moja moja, akasema ni nadra siku hizi kuona boti iliyotunzwa namna hii.

"Sasa," alisema, "dada hapa anadai siku ya ajali boti hii haikuwa chomboni."

"Haikuwa," alisema Dada Stoo. "Kasha lilikuwa na mchanga. Niliutia mimi, kwa mikono hii. Huyu aliyekaa hapo ndiye aliyeniambia."

Tajiri alikunywa juisi. Mwalimu mstaafu alinyoosha mkono juu, kidole kimoja, kama mwanafunzi. Mkaguzi alimwambia kwa upole kwamba ndani ya chombo chochote anayetoa maelezo ni nahodha. Abiria, kama ana lake, ataandika baadaye. Mwalimu alisema karatasi zinalowa. Mkaguzi alisema anaelewa, akamgeukia nahodha.

"Nahodha. Boti ya akiba ilikuwepo au haikuwepo?"

Nahodha alikuwa na kopo mkononi, akikumba maji yaliyokuwa yakijikusanya miguuni pao. Alilimwaga zuliani. Alimtazama dada yake, kisha mkewe aliyekuwa mlangoni, kisha mtoto.

"Dada yangu ana majonzi, mzee," alisema. "Boti si hii hapa? Sisi si tumo ndani?"

Mkaguzi alitikisa kichwa kukubali. Ni mtu wa haki, alisema, na haki ni kuamini macho. Mmoja anasema boti haikuwepo, wanne wameikalia. Karani aliandika kwamba baada ya ajali abiria na wafanyakazi walipanda boti ya akiba, ambayo imekutwa katika hali nzuri, na kwamba wote wamo. Mwalimu bado alikuwa amenyoosha kidole. Alikishusha mkaguzi alipokuwa anavaa viatu.

Pale pale Tajiri alikumbuka jambo. Alikuwa ananunua boti nyingine ya kupeleka wageni, na kwa sheria kila kampuni lazima iwe na boti ya akiba. Aliuliza kama hii, kwa kuwa ni ya kampuni na imekaguliwa leo, haitoshi. Mkaguzi alifikiri. Alisema inatosha, mradi kasha liwepo chomboni, kwa ajili ya kuonekana.

Wageni walipotoka, Dada Stoo alipiga magoti kando ya boti. Wifi alikuwa amekwenda uani. Walimsikia anakung'uta nguo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Kwa nini?" alimuuliza mdogo wake.

"Ukifungwa wewe, watoto wangu watalelewa na nani? Mama atakatiwa mkate na nani?"

"Na hawa?" Alimwonyesha kwa kidevu mwalimu, aliyekuwa amegeukia turubai. "Hawa hawana watu wao?"

 Nahodha alichukua kopo akaendelea kukumba maji, ingawa yaliyokuwepo yalikuwa haba mno kujaza kopo.

Dada Stoo aliacha kazi kabla ya boti mpya kufika. Tajiri alimwambia mlango uko wazi siku yoyote atakayojisikia nafuu. Alimweka binamu yake stoo, mtu mchangamfu, na boti mpya ilipotia nanga gatini, nyeupe, na kasha jeupe nyuma ya usukani, Dada Stoo alimvizia nahodha mpya njiani akamwambia alifungue. Nahodha mpya alimpa pole. Alikuwa amekwisha kuambiwa habari zake. Alimwambia kwamba ana bahati kubwa, maana si kila aliyefiwa baharini anarudishiwa mtu wake hadi sebuleni. Safari zilianza. Siku za upepo mzuri akianua nguo uani aliisikia honi ya boti mpya ikitoka, na kila inaposikika alisimama na nguo begani mpaka ipotee.

Akaona bado liko jambo moja awezalo kufanya. Kama wale wanne walikuwa wanangoja waokoaji, basi waokoaji waje. Nyumba haikuwa mbali na bandari. Wangeweza kuja kwa miguu. Alikwenda kwenye chumba chao. Walikuwa vijana wawili wa zamu, wastaarabu, wakampa kiti. Walimsikiliza hadi mwisho, kisha mmoja wao akamwonyesha ubao. Ulikuwa umefutwa. Chini ya neno "Wanatafutwa" hapakuwa na jina. Maelezo yalikuwa yameletwa kutoka kwa mkaguzi, kijana alisema: hao watu wanajulikana walipo, wana boti, wana maji ya kunywa, wana nahodha. Sheria hairuhusu kumtafuta mtu ambaye hajapotea. Kama mmoja wao angepotea tena, hapo wangeweza kutoka.

Alirudi nyumbani alasiri. Mama alikuwa amesinzia kitini, sindano mkononi. Wifi alikuwa amewapeleka watoto kuoga. Grisi na mpiga picha walikuwa wamelala wameegemeana, kamera ikidondosha tone kwa tone kwenye goti la Grisi. Mwalimu alikuwa macho, upande wa pili wa boti, akitazama kitundu cha turubai walichokubaliana kuwa ndicho cha kuchungulia. Ilikuwa zamu yake.

Dada Stoo aliinama karibu na sikio la mdogo wake. Hakumficha. Alimwambia ubao umefutwa, alimwambia sababu, na alimwambia kwamba hakuna mtu atakayekuja.

 Uso wa nahodha haukubadilika, ila mkono wake ulikwenda kwenye filimbi iliyoning'inia kifuani, ukaishika, ukaiachia. Kwa mara ya kwanza tangu aingie mlangoni alionekana kama mtu anayesikia baridi.

"Usiwaambie abiria," alisema.

"Nimechoka kuficha."

"Najua umechoka. Lakini mtu akiambiwa haokolewi, anaachia mikono. Nimeona." Aliishusha sauti zaidi. "Ukitaka kunisaidia, dada, nisaidie hapo."

Dada Stoo alipanguza uso wake kwa kiganja. Kisha akasimama, maana mwalimu alikuwa amemwona na alikuwa anamwita kwa mkono. Alizunguka boti hadi upande wake, akipita kwa shida kati ya mpira na kochi. Mwalimu aliirekebisha miwani yake yenye kioo kimoja ili aweze kumtazama vizuri.

"Umetoka kwao," alisema mwalimu. "Nimekuona ukiondoka na zile nguo zako za kwendea ofisini. Wanakuja?"

Mgongoni mwake Dada Stoo alisikia mdogo wake ameacha kukumba maji.

Alichukua kifuko cha maji kutoka kwenye mfuko wa vifaa, akakata ncha kwa meno, akampa mwalimu. Akamwambia anywe kidogo kidogo.